Takwimu za Ruaha Zishuke Hadi kwenye Banio

Hotuba kwa jumuiya za watumia maji na walimu, Rujewa, wilayani Mbarali, katika Wiki ya Maji

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, wenyeviti na makatibu wa jumuiya za watumia maji, walimu, wakulima, wafugaji, mliowahi kuvua kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini hapa mbele: kamwene. Mwangaluka. Sopa. Tambarare yetu ya Usangu ina lugha nyingi na mto mmoja, na nimefurahi kuwaona watu wa mto huo wote chini ya paa moja.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa maji katika bonde letu, na namna ya kuwafundisha wananchi habari za maji. Nitayazungumza yote mawili kama jambo moja. Kwa miaka mingi yametenganishwa, na mto wetu, Ruaha Mkuu, umeumia kwa utengano huo. Watafiti wamepima, wameandika, na mengi waliyoyapata yamekaa kwenye makabati ya vyuo na ofisi, kwa Kiingereza. Wakati huohuo, mtu anayefungua banio alfajiri, yaani kizuizi cha kuingiza maji ya mto mferejini, hajawahi kusikia hata tarakimu moja ya mto anaoufungua. Yeye ndiye mwenye uamuzi juu ya maji siku hiyo. Waziri hayupo pale, mhandisi hayupo, mimi sipo. Yupo yeye, koleo lake na mbao zake mbili tatu. Kama takwimu hazimfikii huyo, zimepimwa kwa ajili ya nani?

Tuanzie mto unapoanzia. Mvua inayotulisha hunyesha juu, kwenye milima ya Uporoto na Kipengere. Kule hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na penye bahati hufika 1,500. Huku tambarare tunapata 600 au 700, na jua letu linaweza kukausha maji mengi kuliko mvua tunayoipata. Kwa hiyo mpunga wa Mbarali haulimwi kwa mvua ya Mbarali. Unalimwa kwa mvua ya watu wa milimani, inayoteremka kwa Ruaha Mkuu wenyewe, kwa Chimala, kwa Kimani, kwa Mbarali, na kwa Ndembera unaokuja kutoka upande wa Mufindi. Mito hii yote hukutana kwenye tambarare, na maji yaliyobaki baada ya sisi kuchukua yetu huingia Ihefu.

Naomba wanafunzi wanisikilize hapa, kwa sababu bila kuielewa Ihefu hakuna kinachoeleweka. Ihefu ni beseni kubwa lenye mdomo mmoja, na mdomo huo ni mwamba wa NG'iriama. Maji yakifika juu ya mwamba, mto unaendelea kuelekea Hifadhi ya Taifa Ruaha. Yakishuka chini ya mwamba, hata kama ndani ya Ihefu viboko bado wanaogelea, upande wa pili hapiti hata tone. Mto hukatika NG'iriama. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama Ihefu mwezi wa kumi, akaona maji na majani mabichi, akasema mto ni mzima, wakati kule Msembe, ndani ya hifadhi, mwenzake anatembea juu ya mchanga mkavu.

Wazee wa hapa wanaukumbuka mto uliokuwa ukipungua kiangazi lakini ukaendelea kupita. Mwaka 1993 ulikatika, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la kila kiangazi au karibu kila kiangazi, mara nyingine kwa wiki kadhaa, mara nyingine kwa miezi. Viboko na mamba hubanana kwenye vidimbwi vilivyobaki, samaki hufa, nyati hutembea mwendo mrefu kutafuta pa kunywa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi hadharani kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita mto ukiwa bado unakatika. Siikumbushi ahadi hiyo kwa kumlaumu mtu. Ilikuwa ahadi njema, lakini ilitolewa mbali sana na mabanio, na watu wa kwenye mabanio hawakuambiwa sehemu yao ni ipi.

Badala ya kuambiwa sehemu yao, waliambiwa kosa lao. Miaka ya 1990 nchi ilipoingia kwenye mgao wa umeme, bwawa la Mtera lilikuwa limeshuka vibaya, na vidole vyote vilielekezwa Usangu. Ikasemwa kwamba wakulima wa mpunga wameyala maji ya umeme. Hesabu rahisi ingetosha kuleta shaka. Bwawa la Mtera lilijengwa ili lihifadhi maji kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu, na maji yanayolijaza ni ya masika, mto unapofurika. Banio linalonyonya maji ya mwezi wa tisa na wa kumi linaua mto wa hifadhi, hilo ni kweli na nitalirudia. Lakini maji ya mwezi wa tisa ni machache mno kuweza kulijaza au kulikausha bwawa la ukubwa ule. Watafiti walipozirudia kumbukumbu za mabwawa, walionyesha kwamba namna maji yalivyokuwa yakiachiwa kutoka Mtera ilichangia uhaba ule kwa kiasi kikubwa kuliko majaruba yetu ya mpunga. Ni wangapi humu ndani mliwahi kuelezwa hivyo? Mlibeba lawama kwa miaka na jibu lilikuwepo.

Baada ya mkulima wakafuata wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 mifugo mingi iliondolewa Usangu kwa amri ya serikali, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Tufanye hesabu hii pamoja. Chukua maji madogo tu, lita 1 kwa sekunde. Kwa siku nzima yenye sekunde 86,400, hizo ni lita 86,400. Ng'ombe mmoja, tumkadirie kwa ukarimu, anakunywa lita 40 kwa siku. Lita 1 kwa sekunde inanywesha ng'ombe zaidi ya 2,000. Maji hayohayo yakielekezwa kwenye mpunga, yanatosha takriban hekta moja. Siwatetei wafugaji kwamba wasiguswe. Ng'ombe wengi mahali pamoja hukanyaga kingo, hubomoa mifereji, hula majani yanayoshika udongo wa ardhi oevu, na ugomvi wake na mashamba mnaujua kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtu aliyetarajia mto urudi kwa kuondoa ng'ombe hakuwa amefanya hesabu ya lita. Ng'ombe waliondoka, familia zikahangaika, na viangazi vilivyofuata mto ukaendelea kukatika.

Hapo ndipo ninapoona gharama ya maarifa yasiyoshuka. Wanaoyakosa wanaishia kuadhibiwa kwa jambo lisilokuwa chanzo, na chanzo kinaendelea.

Basi chanzo ni kipi? Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Uingereza, SMUWC, ulioichunguza Usangu kuanzia milimani hadi NG'iriama. Ukafuatiwa na RIPARWIN kuanzia mwaka 2001, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji na Chuo Kikuu cha East Anglia. Baadhi yenu mliwabebea vifaa vyao na kuwaonyesha njia. Waliyoyapata nitayasema kwa lugha ya kwetu.

La kwanza linahusu mabanio yenyewe. Zamani banio lilikuwa miti, mawe, majani na matope. Mafuriko yakija yanalizoa, na kulijenga tena ni kazi ya kijiji kizima. Wataalamu wakaliita banio duni, na wafadhili wakaleta zege na milango ya chuma, wakaandika kwamba wameokoa maji. Utafiti ulionyesha jambo ambalo nadhani wazee wa mikiani mwa mifereji walikuwa wanalijua tayari. Banio la miti huvuja, na yanayovuja huenda kwa jirani wa chini. Banio la zege halivuji. Mto unapopungua kiangazi, la miti hupungua nao, lakini la zege linaweza kuuchukua mto mzima ukaingia mferejini. Tulirahisisha kazi ya kuchukua maji na hatukumrahisishia mtu yeyote kazi ya kuyaacha. Skimu ilinufaika, bonde likapoteza.

Na kuna hili la ufanisi, ambalo limewachosha wengi. Mara ngapi mmeambiwa kwamba mkulima mdogo anapoteza maji yote? Maji yanayotoka kwenye jaruba la juu huingia jaruba la chini, na yanayotoka huko huchukuliwa na mfereji wa kijiji kinachofuata. Ukimpima mkulima mmoja peke yake utasema amepoteza. Ukilipima bonde utaona wenzake wameyatumia. Watafiti wa RIPARWIN walilisisitiza sana hilo, na kwangu mimi ni funzo kubwa, kwa sababu linabadilisha swali. Swali linakuwa ni maji yapi yanayopotea kweli, yasiyorudi kwa mtu wala kwa mto. Hayo ni yale yanayopaa hewani kutoka kwenye mashamba matupu na mifereji mirefu wakati wa jua kali, pasipo na zao linalostahili kunyweshwa.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Mavuno ya mpunga kwa kawaida huanza mwezi wa tano na humalizika wa saba. Wa juu huwahi kupandikiza, hupata bei nzuri ya mwanzo wa msimu. Wa mikiani husubiri zamu, hupandikiza mwezi wa pili au wa tatu, na mpunga wao unadai maji hadi mto umeshaanza kushuka. Hilo ni suala la zamu, na linatatulika kwa kukaa pamoja. Lakini baada ya mavuno yote kwisha, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, kwa nini mabanio mengi bado yako wazi?

Mkiuliza, jibu ni la kweli na la haki: watu wanakunywa kwenye mfereji. Akina mama wanachota humo, wanafulia humo, watoto wanaogea humo. Kufunga banio ni kuwanyima majirani maji ya kupikia, na hakuna mwenyekiti mwenye utu atakayefanya hivyo. Tufanye tena hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji lita 75,000 kwa siku. Hiyo haifiki hata lita 1 kwa sekunde. Ili kuwafikishia watu hao lita 1 hiyo kupitia mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa, tunalazimika kufungua lita 50, au 100, au zaidi. Zilizobaki zinanywewa na udongo na jua. Na hiyo lita 1 inayofika inafika imeshapita kwa ng'ombe, kwa sabuni na kwa mbolea. Kipindupindu na kuhara haviji bila njia.

Kwa maneno mengine, kisima kirefu chenye pampu nzuri katika kijiji cha mpunga ni mradi wa afya na ni mradi wa mto kwa wakati mmoja. Kila kijiji kinachopata maji safi ya kunywa ni banio linaloweza kufungwa kiangazi bila mtu kuumia. Namwomba mgeni rasmi alibebe hili kwa uzito wake, kwa sababu kwa utaratibu wetu visima viko kwenye bajeti moja, umwagiliaji kwenye nyingine, na hifadhi kwenye nyingine tena, na hakuna bajeti inayosema kisima cha kijiji fulani kimerudisha lita 50 kwenye Ruaha. Ningependa siku moja nione taarifa ya namna hiyo.

Ni maji kiasi gani yanatakiwa? Hapa tunayo tarakimu, na ninataka kila mwalimu aondoke nayo. Japhet Kashaigili wa Sokoine na wenzake walikokotoa kwamba ili mto usikatike, NG'iriama inatakiwa ipitishe angalau mita za ujazo 0.5 kwa sekunde mwisho wa kiangazi. Hizo ni lita 500. Ili lita 500 zitoke, Ihefu yenyewe inatakiwa ipokee wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde katika kiangazi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoingia hupaa hewani au hunywewa na mimea kabla ya kufika mwambani. Wakati wa utafiti ule, kilichokuwa kikiingia kilikuwa takriban nusu ya hapo. Saba na nusu. Nusu itoke, saba iingie. Huu ni mto ambao una namba inayojulikana ya uhai wake, na namba hiyo ilichapishwa miaka ya 2000 kwenye majarida ya wanasayansi. Nimeuliza kwenye vijiji kadhaa vya tambarare hii kama kuna aliyewahi kuisikia. Nilikuwa naangaliwa tu.

Najua kuna watu wa milimani humu, na sitawapita. Vinyungu, yaani bustani za kiangazi kwenye mabonde ya Njombe, Mufindi na Makete, vimesomesha watoto na kulisha miji mwezi wa tisa wakati mahindi yamekwisha ghalani. Lakini kinyungu kinachochimba mifereji katikati ya tindiga, yaani kinamasi, na kulikausha kabisa kinaondoa maji ambayo yangeshuka polepole hadi kiangazi. Milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa kandokando ya vijito nayo inakunywa mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Mita 60 kwenye bonde jembamba la mlimani ni shamba lote la mtu, na kumwambia aliache bila kumpa njia nyingine ni kumtungia kosa. Nimeona vikundi vinavyong'oa mlingoti na kupanda miti ya asili ya vyanzo vya maji, huku wakihamishia milingoti mgongoni mwa kilima. Hiyo inawezekana, na watu wa tambarare tunawiwa kuwasaidia wanaofanya hivyo, kwa sababu maji wanayoyatunza ni yetu.

Sasa elimu. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Watafiti wa RIPARWIN walituachia chombo kimoja kizuri mno, na baadhi yenu mlikicheza. Bruce Lankford wa East Anglia alibuni ubao mrefu ulioinamishwa, wenye mto uliochongwa katikati. Kando ya mto kuna mashamba, na kila shamba lina vishimo. Juu unamwaga gololi. Hizo ndizo maji. Kila mchezaji ana vijiti vyake, navyo ndivyo mabanio: anavitega mtoni ili gololi ziingie shambani kwake na zijaze vishimo. Gololi zikiwa nyingi, ni masika, kila mtu anacheka. Gololi zikipunguzwa, aliye juu anajaza vishimo vyake vyote na kuzidisha, na aliye chini anabaki na vijiti mkononi.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba hauhubiri. Unamweka mkulima wa juu kwenye kiti cha mkulima wa chini. Mtu ambaye miaka yote amekaa karibu na banio kuu, siku hiyo anakaa mkiani mwa ubao, anaziona gololi zikiishia kwa wenzake, na hasira inayompata ni ya kweli. Baada ya hapo watu wenyewe huanza kupanga: nani atangulie, nani apunguze kijiti, gololi ngapi ziachwe zipite hadi mwisho wa ubao kwa ajili ya Ihefu na hifadhi. Sheria ndogo zinazotoka kwenye mazungumzo ya namna hiyo zina nguvu, kwa kuwa waliozitunga wameonja pande zote mbili. Mchezo ulianzia kwenye bonde letu na umechezwa nchi nyingine pia, na kwetu hapa kuna shule zisizoujua. Fundi seremala yeyote wa Rujewa anaweza kuchonga ubao ule. Gololi zinauzwa dukani. Sioni sababu ya shule yoyote ya Mbarali kukosa ubao wake.

Pamoja na gololi kuna wadudu. Wanafunzi mnacheka, lakini wadudu wa mtoni ni mashahidi wasiohongeka. Ukigeuza jiwe kwenye Kimani huko juu, utakuta chini yake vidudu vidogo vyenye mikia mitatu membamba, vimejibana kwenye jiwe. Hao hawavumilii maji machafu. Ukishuka chini, penye taka na mbolea, wanatoweka, na unabaki na minyoo miekundu, ruba na viluwiluwi. Kila aina ina alama zake kutokana na uvumilivu wake, unazijumlisha, na mto unapata daraja. Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitengeneza mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya mito ya Tanzania, unaitwa TARISS. Darasa la sita halihitaji maabara kuanza kujifunza kuwatambua hao. Linahitaji wavu, bakuli jeupe, na mwalimu asiyeogopa kulowana. Mtoto aliyehesabu wadudu wa mto wake mwaka huu na mwaka ujao atajua mto unaendaje kabla ya bodi ya maji kupata fedha ya kupeleka sampuli.

Nimalizie na ombi langu kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na kwa jumuiya. Bodi iko Iringa tangu mwaka 1993, na ina watu wanaosoma vipimo vya mito hii. Naomba usomaji huo, mara moja kwa wiki, ufike kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Mistari mitatu inatosha: Ihefu imepokea kiasi gani, NG'iriama imepitisha kiasi gani, na kinachotakiwa ni saba iingie, nusu itoke. Wenye simu wapelekewe kwa ujumbe. Redio za hapa zisome pamoja na bei za mchele, maana zote mbili ni habari za riziki.

Vibali vya maji navyo viandikwe kwa namna mkulima anayoweza kuisimamia. Kibali kinasema lita fulani kwa sekunde, na kwenye banio hakuna cha kupimia. Kiangazi, ukijumlisha lita zilizoandikwa kwenye vibali, mto wenyewe hauzifikishi. Watafiti walipendekeza masika tuwe na kikomo cha kuchukua, na kiangazi tugawane kwa mafungu ya kile kilichopo: robo yako, robo yangu, nusu ipite. Mafungu yanaonekana kwa macho. Banio linaweza kujengwa ligawe kwa mafungu, mtu asilazimike kugombana na namba asiyoiona. Jumuiya mbili tatu zikiamua kujaribu kwenye mto mmoja mdogo kiangazi kijacho, wataalamu wa bodi na wa chuo watakuja. Nimeongea nao na wako tayari.

Walimu, kesho saa mbili asubuhi tutakuwa mtoni, hapo chini ya daraja la barabara kuu. Njooni na wanafunzi wasiozidi kumi kwa kila shule, daftari, bakuli jeupe na viatu mtakavyokubali vilowe. Nyavu tunazo. Ubao wa gololi utakuwa chini ya mwembe, na viti viwili vya mkiani tumewawekea wenyeviti wa mabanio ya juu.